Mwaka Tulioona Muhali Kuudai

Jumamosi, 4 Oktoba

Abaya tatu tena. Mama anashona, mimi nabana pindo kwa pini. Joto limepungua, tumefungua dirisha.

Baada ya laasiri kaja Ami Nassor. Si ami yangu wa damu. Ndiye mwenye fleti hii tunayopanga hapa Dubai, na babu zake na babu zetu walikuwa mtaa mmoja kule Unguja. Basi. Kodi hapandishi ovyo, na kila akija hunywa kahawa na kula halua. Leo kahawa kainywa, halua kaiacha. Nikajua pana jambo.

Nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Mgeni akija, hapo ndipo mahali pangu. Nimesikia yote. Wenye fleti za jengo hili walikuwa wamiliki wa muda tu. Hati zao zina mwisho, ardhi si yao. Sasa sheria imebadilika. Ukilipa ada unakuwa mmiliki kamili, na hata wageni wanaruhusiwa kununua. Bei zimeruka. Ndugu zake Ami, aliorithi nao, wanataka kuuza. Mnunuzi anaitaka fleti tupu kabla ya mwaka mpya.

Baba kasema, "Inshallah, Bwana Nassor. Hakitaharibika kitu."

Hakuuliza hata swali moja.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimesoma sheria. Kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu, maana siamini lugha moja. Mwenye nyumba akitaka kuuza na kumtoa mpangaji, lazima atoe ilani rasmi ya miezi kumi na miwili. Kikombe cha kahawa si ilani.

Mwaka mmoja. Ndio huo huo ninaouhitaji nimalize shule. Bila mkataba wa nyumba uliosajiliwa, Baba hawezi kutuwekea viza mimi na Mama. Na kwa mshahara wa mfunga mizigo wa soko la Naif, fleti nyingine hapati, zote zimepanda. Maana yake Baba akapange kitanda kwenye chumba cha watu, sisi turudi Unguja. Niliondoka huko nina miaka minne. Sikumbuki hata mlango wetu.

Nimemwambia Mama. Baba sikumwambia. Simwogopi yeye. Naiogopa sauti yangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama kamwambia Baba. Baba akawa anakunja kanzu, anaikunjua, anaikunja tena. Kasema anaona muhali, anaona haya kumdai. Alipofika nchi hii hana kazi, Ami Nassor alimlaza kwake, kisha akampa fleti bila kumtaka dhamana. Mtu kama huyo humtolei sheria.

Mama kasema, "Muhali wako utatulaza nje, Suleiman. Mwenzio hakuona muhali kutufukuza huku anakunywa kahawa yangu. Na vikombe viwili kanywa."

Nikacheka jikoni. Kisha nikalia. Namchukia Ami Nassor. Lakini ndiye aliyeninunulia baiskeli yangu ya kwanza, akanishikia kiti nikizunguka maegesho. Ningependa kumchukia vizuri zaidi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo halua kaleta Ami Nassor mwenyewe. Sinia zima. Mama kaiweka juu ya friji kama dawa ya panya.

Kumbe na fleti anayokaa yeye, ghorofa ya juu, inauzwa. Ndugu hawataki kugawana kuta, wanataka fedha. Anahamia kwa binti yake, mji wa Ajman. Mmiliki kamili, na pa kukaa hana. Nilitaka nifurahi. Sikuweza.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sikwenda shule. Baba kanichukua mpaka Bur Dubai nikamsomee karatasi, maana Kiarabu chake ni cha sokoni. Ofisi ndogo, baridi kali. Dalali, Ami Nassor, sisi wawili.

Dalali kanisukumia karatasi, yalla, soma, ana watu wanamngoja. Kiarabu upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Maneno yale yale pande zote. Mpangaji anaondoka kwa hiari yake, na haki yake ya ilani anaiacha.

Sauti ikanipotea kama inavyonipotea darasani. Ami Nassor alikuwa anatazama viatu vyake. Mwishowe nikasema, kwa Kiswahili, mbele yake:

"Baba, ukitia saini hapa, mwaka wetu umekwenda."

Baba kavua miwani.

"Najua, mama. Nilijua tangu siku ile ya kahawa. Soma mpaka mwisho."

Nikasoma mpaka mwisho. Nilikuwa namngoja Ami Nassor aseme basi, acha. Katoa kalamu mfukoni, kamsogezea Baba. Naye aliona muhali, kwa ndugu zake.

Baba katia saini kwa kalamu ya Ami. Kisha kamrudishia, kamshukuru. Kamshukuru! Njiani nikatangulia, nikamwacha nyuma.

Jumapili, 28 Desemba

Fleti tupu. Mafundi wa mnunuzi walishapita, wametia alama nyekundu kwenye kuta za kubomolewa. Mama kapiga deki vyumba vyote. Kafuta na kuta zile pia, anaizunguka rangi kwa kitambaa. Kasema nyumba haiachwi chafu. Kisha kafukiza udi.

Baba kahamia Naif tangu juzi. Mto wake kausahau. Nikampelekea kabla ya magharibi. Kashuka mpaka mlango wa chini. Nilitaka nikione kitanda chake. Kasema nisipande, ndani ni wanaume tu. Kauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Kauweka mto kwapani, tukasimama.

Ndege yetu, mimi na Mama, ni kesho asubuhi.

Nilipovuka barabara niligeuka kuangalia juu. Madirisha yote yana pazia. Sijui lake ni lipi.