Nilidhani Wilbroadi Ananitania

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, jua limegoma. Usipa, dagaa wetu wa ziwa hili, nilioanika jana umelala tu kwenye chanja, umelowa kama nepi, na ukikaa hivi mpaka kesho utanuka, nitawapa bata wa jirani.

Moyo wangu nao hivyohivyo. Haukauki.

Kwa asiyenijua: mimi ni bibi wa hapa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, ila kwetu hasa ni juu, Umatengo, milima ya Mbinga. Shule sikwenda hata siku moja. Haya naongea na simu, yenyewe inaandika, halafu mwanangu aliyeko Songea anaweka nukta na kutuma. Leo nimemwambia asinirembe. Nilipokosea aache hivyohivyo, maana habari yenyewe ni ya kosa langu.

Tunatolewa kwenye nyumba.

Si kwa sababu ya kodi. Kodi nalipa, hilo mwenye nyumba mwenyewe atakwambia. Ni kwamba nilikuwa nacheka wakati naambiwa.

Nalea wajukuu wawili. Edesia ana miaka kumi na minne na hajawahi kutembea. Mwili wake unajikaza wenyewe, maneno yanamtoka moja moja, lakini akili yake wembe. Mdogo wake, Gaudensia, ana miaka kumi. Haoni tangu alipougua surua. Mama yao ni mwanangu mwingine wa kumzaa. Aliolewa upande wa Msumbiji na mwanaume aliyesema yeye anaoa mke, haoi hospitali. Mwanangu simlaani. Huyo mwanaume, siku nikikutana naye, Mungu aniondolee mwiko mkononi.

Nyumba hii ilikuwa ya rafiki yangu, Bibi Otilia. Wiki ya kwanza aliniona namnyanyua Edesia kuvuka kizingiti, mgongo unalia kwach. Alikwenda kwake akarudi na nyundo na tindo, mwanamke wa umri ule, akakivunja kizingiti cha mlango wake mwenyewe, akasawazisha na saruji. Tangu siku hiyo Edesia anateleza kwa makalio kutoka chumbani mpaka uani bila kumwomba mtu. Anakaa kwenye mkeka anachambua usipa, anatoa vijiwe na mchanga. Wanunuzi wanaujua usipa wetu. Mtoto ambaye watu walisema nimfungie ndani, yeye ndiye analisha nyumba kwa vidole vitatu vinavyomtii.

Gaudensia nilimfungia kamba toka mlango wa nyuma hadi jikoni, toka jikoni hadi chooni. Siku hizi haishiki. Anatembea humu kama padri kwenye altare yake, anajua kila kitu kilipo, na ukisogeza ndoo shibiri moja anakugombeza.

Ndiyo maana nasema hii si nyumba tu. Kwa watoto hawa nyumba hii ndiyo miguu ya mmoja na macho ya mwingine.

Bibi Otilia tulimzika mwaka juzi. Nyumba akairithi mjukuu wake, Wilbroadi. Kijana mzuri, simsingizii. Amekula ugali wangu wa muhogo tangu hajaota ndevu, na kwa kuwa mimi na bibi yake tulikuwa kama ndugu, ananiita mke wangu, nami namwita mume wangu. Ndivyo ilivyo kwetu, bibi na mjukuu hawaongei bila utani. Akipita na wenzake atasema, "Shikamoo, mke wangu, leo umenipikia nini?" Nami namjibu, "Marahaba, mume asiyeleta hata chumvi." Watu wanacheka, siku inakwenda.

Sasa sikia.

Siku ya Pasaka, tumetoka misani, akaja na kanzu yake nyeupe akaniambia mbele ya watu, "Mke wangu, nimepata mke mdogo. Jiandae kumpisha nyumbani." Nikamwambia, "Mlete! Ila mwambie hapa kuna foleni, mke mkubwa mimi, halafu Edesia, halafu Gaudensia, yeye atalala jikoni." Kanisa zima lilicheka. Katekista naye alicheka.

Mara ya pili alinikuta kwenye chanja, nageuza usipa na kina mama wenzangu. Akasema, "Bibi, mwezi huu ukiisha nitahitaji funguo." Nikashika kiuno. "Funguo hizi hapa zimefungwa kwenye kanga. Njoo uzichukue kama wewe mwanaume kweli." Mama Kandida, jirani yangu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

Mara ya tatu alikuja na baba yake mdogo na futi ya fundi. Wakapima chumba, wakapima ukuta. Nikamuuliza, "Unapima nini, mume wangu?" Akasema, "Napima pa kuweka kitanda cha mke mdogo." Nami, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Haya, umenishinda. Jumapili nafunga mkeka wangu na wake wenzangu wawili, tunakuachia na mende wako." Baba mdogo akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Asante sana, bibi. Tunashukuru umeelewa."

Nilidhani naye ni mtani mzuri.

Leo saa mbili wamekuja watatu. Wilbroadi, baba mdogo, na mwenyekiti wa kitongoji na karatasi yake. Mwenyekiti akasoma. Kwamba nimearifiwa mara tatu, kwamba nimekubali kwa hiari mbele ya shahidi, kwamba Jumatatu mafundi wanaezua bati ili kuta zinyanyuliwe. Nikaanza kucheka. Nikamwangalia mwenyekiti nikimngoja acheke. Hakucheka. Akaniambia, "Bibi, mbona ulikubali mwenyewe?"

Nilishika mlango.

Nikamwita Mama Kandida anisaidie kusema kuwa vile vilikuwa vichekesho. Akasimama pale anafuta mikono kwenye kitenge, hanitazami. "Dada, sisi tulijua umekubali. Tukasema, bibi huyu ana moyo, anahama huku anacheka."

Kijiji kizima kilijua. Nilikuwa peke yangu kwenye utani.

Sasa niseme la aibu, maana nimesema leo sitaki kurembwa. Mimi ndiye ninayejisifu kuwa siwezi kuficha neno. Mtu akinuka namwambia ananuka. Padri akihubiri muda mrefu namwambia kuwa sufuria zinaungua. Lakini siku ile kwenye chanja, Wilbroadi aliposema habari za funguo, niliona. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anavunjavunja kijiti mkononi, na neno lilimtoka bila ladha. Niliona kuwa hatanii.

Kisha nikacheka kwa nguvu kuliko wote.

Nilijua kuwa nikiendelea kumtania hataweza kusema. Nilimfunga mdomo kwa kicheko. Kijana wa watu anajaribu mara tatu, na mara tatu mwanamke mzee anamrushia kanga usoni. Mara ya tatu akaja na shahidi. Ningekuwa yeye, ningefanya nini?

Naye mwoga. Angekuja mchana kweupe, akakaa kwenye kigoda, akasema, bibi, leo sitanii. Hakuweza. Mimi sikutaka, yeye hakuweza, na kati yetu watoto wawili wamebaki bila dari.

Leo wenzake walipoondoka, Wilbroadi alibaki. Akachorachora chini kwa kidole cha mguu, akasema, "Usininunie, mke wangu."

Nikamwambia, "Mimi si mke wako, Wilbroadi. Mimi ni mpangaji wako. Ni mzee, nina watoto wawili unaowajua, na sina pa kwenda. Kaa chini, uniambie kama mtu."

Akakaa. Sijawahi kumwona amekaa hivyo, kama aliyepigwa. Akaniambia mchumba wake ana mimba, kwao wamesema hawatoi binti akalale chumba cha uani kwa baba mdogo, anakolala yeye sasa. Akasema, "Nyumba ninayo hii moja, bibi. Nilishindwa kukutamkia. Kila nikianza unanichekesha."

Ni kweli, huwa namchekesha.

Nilimwomba jambo moja, mafundi waanzie kule mbele, chumba chetu cha nyuma kibaki na bati mpaka nipate nyumba isiyo na ngazi. Akasema ataongea na baba mdogo. Hakusema ndiyo. Nami sikumsukuma. Alipoondoka alisema "Shikamoo, bibi." Bibi tu. Nikaitikia. Ilikuwa kama kumzika mtu.

Mchana nimezunguka. Nyumba ya kwanza ina ngazi tatu mlangoni. Ya pili ipo korongoni, ukitoka unateremka moja kwa moja kwenye mawe. Gaudensia asingemaliza siku. Ya tatu ilinifaa, sakafu nzuri, choo karibu. Mwenye nyumba akanikaribisha maji, akaniuliza nakaa na nani. Nikamwambia. Akasema mkwe wake ana mimba changa, asingependa awe anawaangalia hao watoto kila siku. Nikamwambia, "Mama, ulemavu hauingii kwa macho. Ungekuwa unaingia hivyo, roho yako ingeshakupofusha." Nikayaacha maji yake mezani.

Najua. Pengine ningenyamaza ningepata nyumba. Huu mdomo wangu unafunguka pasipotakiwa na kufungika panapotakiwa kufunguka.

Kaka yangu kule juu amepiga simu, anasema rudi nyumbani, ardhi ipo. Ardhi ipo, ndiyo. Imesimama wima kama ukuta wa kanisa. Na shamba letu sisi Wamatengo ni ngoro, yaani mashimo, mlima mzima tunauchimba mashimo maji yasibebe udongo. Babu zetu walikuwa na akili sana, mahindi yanakubali na maharage yanakubali. Lakini niambie, mtoto asiyeona atoke mlangoni aende wapi? Mashimo kulia, mashimo kushoto. Na Edesia akiteleza kwa makalio huko, tutamwokota kwenye shamba la kahawa la mtu mwingine. Wote wawili itabidi niwakalishe ndani. Niliwatoa huko kwa sababu hiyo. Kumbeba Edesia mgongoni sasa siwezi, amekuwa mzito kama mama mtu.

Nimerudi jioni, mwanga bado upo. Edesia yupo uani na usipa wake uliolowa, anauchambua hivyohivyo. Gaudensia anapepeta unga, anaimba wimbo wa kwaya, maneno anayaweka ya kwake. Nikakaa nao kwenye mkeka. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, nitaanzaje. Mwishowe nikasema tu.

"Wanangu, tunahama nyumba hii. Wilbroadi anaoa. Sijui tunakwenda wapi."

Gaudensia akacheka.

Alicheka mpaka ungo ukamwaga unga. Akasema, "Bibi, tena! Mwambie huyo mke mdogo aje na ndoo yake, yangu sigawi!" Akangoja niongeze. Ndivyo nilivyomlea mimi. Njaa ikija tunaitania, homa ikija tunaitania, watu wakitunyooshea kidole sokoni tunawapachika majina mpaka tunafika nyumbani na mbavu zinauma. Miaka yote hii sijawahi kumwambia mtoto huyu jambo zito kwa sauti yake yenyewe. Atalitambuaje?

Edesia hakucheka. Alikuwa ananitazama usoni. Mkono wake ukaacha usipa, ukaanza kupiga sakafu, tap, tap, kama anavyofanya akiogopa, na akamtamkia mdogo wake neno moja, likamchukua muda mrefu kulitoa. "Nya-ma-za."

Gaudensia akanyamaza. Akageuza uso upande wangu, anangoja.

Nikarudia maneno yaleyale, polepole. Tunahama. Sijui wapi. Sitanii.

Mara hii hakucheka. Aliuliza kama mlango wa huko utakuwa na kamba. Nikamwambia kamba nitaifunga mimi, hata kabla sijatandika mkeka. Hilo ndilo pekee nililoweza kuahidi leo, na nimeliahidi kwa sababu liko mikononi mwangu.

Unga tumeuokota. Tumekula kimya. Sijazoea nyumba hii ikiwa kimya.

Kukicha naenda kijiji cha Kihagara, Mama Kandida atakaa na watoto. Amejitolea mwenyewe, nadhani roho inamsuta. Nasikia kuna mama ana nyumba tambarare nyuma ya kanisa. Nitamwamkia kwa heshima, nitamwambia nina wajukuu wawili, mmoja hatembei, mmoja haoni, nami ni mzee. Yote nitayasema mlangoni, kabla hajanipa kiti.

Sitamchekesha.