Koili Aliyoisuka Festo

Lyamkena, Makambako

Mama yangu mpenzi,

Kamwene, mama. Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikiwa nimevaa sweta mbili na chai ipo mkononi. Mgongo wako unaendeleaje? Na kifua cha baba, kimeacha kubana? Dagaa usipa mliotuma walifika salama. Harufu ilimfukuza mpangaji mwenzangu hadi nje, nikala peke yangu kwa raha zangu. Mimi ni mzima, na kazi ya kusuka koili na mota inaendelea.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu huko mtandao unapatikana pale mwambani tu, na mama yake Festo huwa hakosi pale mwambani. Mdogo wangu Joni akusomee yote, asiruke mahali kwa kunionea haya.

Umeniagiza nimsamehe Festo. Umesema mama yake alikuja kwako analia, kwamba nimemharibia mwanawe kazi. Ni kweli, nimemharibia. Sasa sikia na mimi nilichofanyiwa.

Unajua tulitoka wote kijijini tukaja kufanya kazi kwa Haji, yule mzee wa malori mwenye karakana. Haji alikuwa na redio ya mbao ya marehemu baba yake, ya Kijerumani, iliyowashinda mafundi wote kwa sababu koili yake iliungua. Koili ni waya uliozungushwa kwenye kibomba, nayo ndiyo inayosaidia redio kushika stesheni. Kila koili ina kipimo chake, na siku hizi tunapima kwa mikrohenri. Hii iliandikwa laki mbili, kwa sentimeta. Si urefu wa waya, ndivyo Wajerumani wa zamani walivyopima koili. Vitabu vingine vya kale vinaita abuhenri, ni kitu kile kile. Ni kama mahindi, mama: ukipima kwa kikombe unapata namba kubwa, ukipima kwa debe unapata ndogo, na mahindi hayajapungua. Nilihangaika mpaka nikajua kwamba unagawa kwa elfu, laki mbili inakuwa mia mbili. Nikaisuka kwa mkono wangu, Festo akinishikia tochi.

Desturi ya karakana yetu ni kwamba aliyefufua redio ndiye anayeiwasha kwa mara ya kwanza, mbele ya mwenyewe. Kabla siku hiyo haijafika shangazi akafariki, nikaja huko kuzika. Niliporudi, Festo alikuwa ameshaiwasha. Haji alilia machozi kuisikia redio ya baba yake, akampa Festo karakana mpya ya Njombe mjini, ile aliyoniahidi mimi. Nikaenda kwa Haji kulalamika. Festo akacheka mbele ya mafundi wote.

"Da' Sesi, wewe suka waya. Mambo ya hesabu tuachie wenyewe."

"Hesabu ile nani aliipiga, Festo?"

"Mimi. Haji, mimi sijawahi kumuuliza mtu hesabu, hata siku moja."

Haji akaniambia niache wivu. Mama, niliumia mpaka nikakosa hamu ya kula. Nikarudi kwenye kiti changu, nikaendelea kusuka, lakini yale maneno niliyahifadhi.

Mwezi uliopita simu ikaita, kumbe ni Festo.

"Kamwene, dada yangu. Zile sentimeta za Wajerumani zimenitoka kichwani. Tunagawa kwa ngapi vile?"

Alikuwa amepewa redio ya namna ile ile na mchungaji mmoja mstaafu wa Njombe, iwashwe siku ya sherehe ya kumshukuru kwa utumishi wake. Haji naye alikuwa amealikwa. Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia, "Gawa kwa elfu kumi." Akaniita malaika.

Basi akasuka koili ya ishirini mahali pa mia mbili. Mtu anayeijua kazi angeshtuka kuiona ilivyo ndogo. Yeye hakushtuka.

Siku ya sherehe Haji alitubeba mafundi wote. Pilau imepakuliwa, kwaya imekaa, mchungaji yuko ndani ya suti. Festo akatoa hotuba ndefu, akawasha. Redio ikapiga mluzi. Akazungusha kitufe, akasikika mtu anaongea lugha isiyojulikana, akapotea, mluzi ukarudi. Watu wakaanza kucheka chini chini. Mchungaji akasema kwa upole, "Labda imechoka kama mimi." Namwonea huruma yeye tu.

Haji akauliza, "Hesabu hii umeipiga na nani?"

Festo akanitazama, nami nikamtazama. Angenitaja, angekuwa amekiri kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa yangu. Jasho likamtoka na baridi yote ile.

"Mwenyewe, Haji."

Mama, sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Haji amemrudisha Makambako na kuifunga karakana ya Njombe mpaka atakapoamua. Festo sasa anakaa meza inayofuata yangu. Siku atakayomwambia Haji kwa kinywa chake kwamba koili ya kwanza niliisuka mimi, siku hiyo nami nitamwambia Haji nilichofanya, hata kama nitafukuzwa. Kabla ya hapo usinitajie msamaha.

Leo asubuhi alinijia taratibu, Haji akiwa ametoka. "Dada, niambie ukweli. Mchungaji anaisubiri redio yake."

Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Gawa kwa elfu."

Akanikazia macho. "Unanidanganya tena," akasema, akarudi mezani kwake. Ninapoandika haya anasuka koili nyingine, kwa namba aliyoibuni mwenyewe. Kwa macho tu naona kwamba haitashika kitu. Mimi naendelea na barua yangu.

Nisalimie baba, na babu, mwambie tumbaku yake naikumbuka. Wifi yangu mke wa Joni mpe pole ya uzazi, mtoto nitakuja kumwona. Akina mama wenzako wa kwaya wote nawasalimu. Na mama yake Festo pia umsalimie. Akija tena kulia, mwambie mwanawe aliniomba ukweli nami nikampa. Ni yeye aliyeshindwa kuuamini.

Ni mimi mwanao, ambaye moyo wake bado haujapoa,

Sesilia