Nimuoe Marieta kwa Ng'ombe wa Mdogo Wangu?

Mpendwa mshauri, salamu katika Bwana, naomba unisaidie maana moyo wangu hautulii. Mimi ni fundi mwashi hapa Musoma, nimepanga chumba Iringo, kwetu Mugeta, na tangu mwaka jana nampenda msichana wa Kisorya aitwaye Marieta, tunasali pamoja akija kwa shangazi yake, na akishaondoka najikuta nimesimama na chokaa mkononi natazama njia aliyopita mpaka msimamizi anigombeze. Baba yake anataka ng'ombe kumi na wawili, mimi ninao wanne, na mtu mwingine kutoka machimbo ya dhahabu ameshapeleka washenga, nami nimepewa muda hadi pamba iuzwe. Nikaenda kwa Mzee Burito, tajiri wa kijijini kwetu, akacheka, akasema, "Unalia nini, kijana, na kwenu kuna msichana? Chukua wanane, Wankyo akiolewa utanilipa kwa mahari yake. Hata baba zenu walifanyaga hivyo." Wankyo ni mdogo wangu, baba yetu alishafariki, namsomesha mimi, yuko darasa la nne misheni na anataka kuwa nesi. Sijamwambia. Likizo alinifulia mashati akauliza, "Kaka, harusi lini? Wenzangu wananiulizaga kila siku," nikashindwa kumtazama. Mshauri, ni dhambi Mkristo kukopa? Na nisipokopa nitampataje Marieta, maana bila yeye naona nyumba zote ninazojenga ni za watu wengine tu.

Mseti, Musoma

Ndugu Mseti,

Pole sana. Huko kusimama na chokaa mkononi kumenigusa, na sitakucheka. Lakini nitakugombeza.

Kukopa si dhambi. Mkristo anakopa, kisha analipa kwa jasho lake. Wewe unataka kuweka rehani kisicho chako. Wankyo akitaka kusoma zaidi je? Mzee Burito atakuja kudai, na deni ndilo litakalomchagulia mume: yeyote mwenye ng'ombe wanane, hata awe mlevi. Usiniambie hukulijua hilo, ulishindwa kumtazama. Na hao baba zenu walifanya mengi ambayo ninyi mlibatizwa ili myaache.

Usingoje pamba. Nenda Kisorya wiki hii na mzee wa kanisa, peleka wanne ulio nao, umwambie baba yake waliobaki utawalipa mwenyewe, mmoja mmoja, kwa kazi ya mikono yako. Ahidi unachokiweza, si cha kumfurahisha. Akikataa utaumia, tena sana. Umia wewe, usimtwike mtoto.

Ila kabla ya baba, zungumza na Marieta. Barua nzima umemsifu, na hakuna neno hata moja alilosema yeye. Mweleze wale wanane wa Mzee Burito wangelipwa kwa mahari ya nani, umwulize kama angekubali kuolewa kwa ng'ombe hao. Akisema hapana, huyo ndiye mke, mngojee hata mvi zikuote. Akisema ndiyo, usikope hata kuku.