Sumaku za spika na kikombe cha maji

Kasulu, Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na baridi ya huku kwetu haibishi hodi. Siku nzuri ya kutafuta joto.

Wiki nzima baiskeli yetu imekaa sebuleni, magurudumu juu, sumaku nilizozitoa kwenye spika mbovu zikiwa zimefungwa kwenye gurudumu la nyuma. Wiki hiyohiyo mke wangu, Mama Neema, amebeba mihogo kichwani. Jana akatoa hukumu: leo nipashe maji kwa sumaku, la sivyo kesho baiskeli inabeba mihogo kwenda sokoni Kitanga, na mimi nirudi kutengeneza redio za watu.

Fizikia nimeisoma kwenye simu, bando linaporuhusu. Ndani ya chuma kuna vichembe vinavyofanya kama vinajizungusha. Vikielekea upande mmoja, unapata sumaku. Izungushe sumaku hiyo mbele ya sufuria ya alumini, umeme unazuka ndani ya sufuria na kuzunguka humohumo, hauna pa kutokea. Mwisho unageuka joto.

Nikamimina kikombe kimoja cha maji kwenye sufuria, nikaisogeza karibu kabisa na zile sumaku, nikaanza kuzungusha pedeli kwa mkono. Jirani yetu Rashidi, mwenye duka, akachungulia mlangoni.

"Fundi, hiyo baiskeli inakwenda wapi?"

"Kwenye chai."

Maji yakawa vuguvugu.

Rashidi akatia kidole, akasema moto ule ni wa ekseli iliyokosa grisi. Sikubishana. Maji yale nilimpa Mama Neema anawe mikono, nikafungua sumaku zote, nikaweka maji mapya, nikazungusha vilevile. Yakabaki baridi. Ghafla Rashidi akakumbuka kwamba ana wateja.

Nilishinda, ndiyo. Ila kuna jambo simu haikunisisitizia. Bila sumaku pedeli ilikuwa nyepesi. Zilipokuwepo, ilikuwa kama kupandisha gunia kilima cha Busunzu. Mama Neema, aliyekuwa anamenya mihogo, aliliona jasho langu kabla yangu.

"Kumbe kuni ni wewe, Baba Neema."

Kweli tupu. Lile joto ni ugali wake, umepitia mikononi mwangu na kwenye sumaku, ukaishia kwenye kikombe kimoja. Njia ndefu kwa ugali.

Baiskeli nimeigeuza, magurudumu chini, kesho ibebe mihogo kwenda Kitanga. Sumaku nimezihifadhi chini ya kitanda. Bondeni kwetu kuna kijito kinachoshuka kwa kasi mchana na usiku, na hakijawahi kuomba chakula.

Kwa nini kuni niwe mimi?