Kaka, Nimeigusa Programu Yako

Kaka Idrisa,

Nimeolewa! Ulikuwa ukinitania kwamba nitaolewa na kompyuta. Basi nimeolewa na Salumu, yule tabibu aliyekuwa akija ofisini kwetu Utete kuchukua orodha za dawa, akajifanya haoni vizuri ili nimsomee. Mwezi wa pili huu, na akiniita "mke wangu" bado nageuka nyuma kutazama anamwita nani. Laiti ungekuwepo wewe kuniozesha.

Lakini si harusi tu iliyonifanya nikuandikie.

Unajua faili la wagonjwa halisomeki kwa macho. Programu yako ndiyo hulifungua na kumtoa kila mgonjwa kwa mstari mmoja: jina, mahali, umri, uzito, vidonge, na alama ya mkato katikati. Kisha mashine hupanga safu kwa kufuata mikato hiyo. Sasa ni msimu, watu wa Mbuchi wamehamia dunguni, kwenye vibanda vya juu mashambani, kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Nikaona mume wangu atahangaika kuwatafuta, nikaandika mahali pao "Mbuchi, dunguni". Kwa mapenzi tu, Kaka. Mkato wangu ule ukafungua safu mpya, na vyote vilivyofuata vikasogea.

Jana asubuhi Salumu anafunga mkoba, boti inamngoja, nikaitupia macho orodha. Mtoto wa miaka miwili: vidonge kumi na kimoja. Ulikuwa uzito wake, umesogea safu ya vidonge! Nikampokonya karatasi. Akacheka, "Bibi harusi hataki niondoke." Aliponitazama usoni, akakaa chini.

Niliogopa kuigusa kazi ya mkono wako. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Nakili kwanza, Zuhura, halafu ndiyo ulie." Nikanakili. Nikalia. Kisha nikaiagiza programu izungushie kila mahali alama za kunukuu, mkato wa ndani ubaki ndani. Tukachapa upya, tukaikagua na kadi za wagonjwa, moja moja, yeye akisoma, mimi nikifuata kwa kidole. Kimoja. Kimoja na nusu. Kimoja.

Ameondoka na orodha hiyo mpya. Tangu hapo kila injini ikilia mtoni moyo unanipasuka. Kama ningekuwa jikoni nampikia chai, Kaka? Kama nisingetazama?

Jina lako bado liko juu ya programu. Chini yake nimeandika langu, ili kosa likitokea wasikusingizie wewe. Nakuahidi, hakuna orodha itakayopanda boti kabla kidole changu hakijapita kila mstari.

Mungu akuangazie kaburi lako. Salumu akirudi tutakuja wote wawili kukuombea dua, umwone shemeji yako.

Mdogo wako,
Zuhura