Mpunga wa Pembe ya Matete

Kamsamba,
Jumapili jioni

Mama Lusekelo, mke wangu,

Pokea salamu kutoka huku bondeni kwenye joto. Kifua cha mama kimetulia? Na Lusekelo, ameshazoea shule au bado anakushika kitenge mlangoni? Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa sababu simu ilikatika ulipouliza kwa nini mpunga wa pembe ile ya mfereji umeliwa, na jibu lake ni refu.

Mpunga ukianza kukaza, huku mtu haondoki shambani. Alfajiri napanda dungu, navuta kamba ya makopo na kuwapigia ndege kelele mpaka jua lizame. Zipo siku nimelala sauti imekauka, na sijasema na mtu.

Shajara yangu inaonyesha ilikuwa Jumanne nilipoona kiota kwenye matete ya pembe hiyo. Ndani mlikuwa na kinda mmoja, mnene, mdomo mwekundu. Ndege aliyemlisha alikuwa mdogo, wa kahawia. Wakulima tulishakubaliana kwamba kiota cha kweleakwelea kinavunjwa siku hiyo hiyo, na mimi mtu wa Ibaba huko milimani, kweleakwelea ninayemjua kwa kuambiwa ni wa kahawia mwenye mdomo mwekundu. Nikanyoosha mkono nimtoe. Akaachama, akidhani nimemletea chakula. Nikarudisha mkono.

Nilimwita Masanja, jirani yangu Msukuma anayelima ng'ambo ya mfereji. Alichungulia akacheka.

"Mndali, nani kakwambia huyu kweleakwelea?"

"Mdomo si huo?"

"Mdomo! Kweleakwelea mchanga hana mdomo mwekundu, unamjia akikua. Tena hazai peke yake kama mchawi. Akizaa, mti mzima unajaa viota mpaka matawi yanainama. Huyu mama yake alitaga humu akaenda zake. Hako kadogo kanalea mtoto wa mwenzie."

Alimtaja kwa Kisukuma, jina sikulishika. Kisha akaniambia, "Haya, umeshamjua. Sasa vuta kamba yako."

Hapo ndipo nilipokosea hesabu, mke wangu. Kila nilipovuta kamba ya upande ule, yule mlishaji aliruka na kiwavi chake mdomoni na kukawia kurudi, na kinda analia. Nikaifungua kamba ya pembe ile. Nilijiambia ni kwa siku mbili, manyoya yakamilike. Ikawa kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nakwenda kumtazama. Nikawa namwambia mambo, hata ya Lusekelo na shule.

Masanja aliliona kundi la kweleakwelea likitua pale akapaza sauti ng'ambo: "We Mndali! Umekuja kulima mpunga au kufuga ndege? Mkeo atakula manyoya?"

Nilicheka, lakini kamba sikuifunga.

Ijumaa nilikuta kiota kitupu. Yule mdogo alikuja na kiwavi, akazunguka matete, akaondoka nacho. Nikaifunga kamba, lakini masuke ya pembe nzima yalishabaki makapi.

Sehemu iliyobaki ni nzuri, tutavuna. Ila hicho kipande hakikupotea kwa ugonjwa wala kwa maji. Nimekiacha kwa mkono wangu, nikijua.

Nisalimie mama, mwambie asilale karibu na moshi. Msalimie shemeji yangu wa mashine ya kukoboa, na shangazi anayekusaidia kuchuma kahawa. Lusekelo mwambie baba anamkumbuka.

Ukikasirika ni haki yako. Ila usiniseme kwenye simu, itakatika tena. Ngoja nirudi, ukae mbele yangu, unigombeze hata kutwa nzima. Nitakaa nikusikilize.

Ni mimi mumeo wa huku bondeni,
Ambilikile