Nyota za Kuhamia na Ng'ombe wa Kabula

Mume wangu Babu,

Shikamoo. Sijazama ziwani, wala Wasukuma hawajanifuga. Madukani Igoma siku hizi kuna kila kitu, ila kadi ya posta ya kutosha majibu ya maswali yako yote sikuipata. Nipo Kisesa kwa mwenzangu wa chuo, nimeshiba michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na maziwa mgando.

Mama yake aliniuliza, kama wewe, kazi ya nyota ina faida gani. Nikamweleza kwamba tunaupasua mwanga wa kila nyota uwe rangi rangi kama upinde wa mvua, humo tunasoma ina chuma kiasi gani, ndipo tunajua ipi ilizaliwa kwenye galaksi yetu, hili kundi letu kubwa la nyota, na ipi ilitoka galaksi ndogo iliyomezwa na yetu zamani.

Akanivuta mpaka zizini. "Huyu kazaliwa hapa. Hawa watatu walikuja kwa mahari ya binti yangu Kabula. Tazama pembe zao." Akalisoma zizi zima hivyo, bila darubini.

"Basi ndiyo kazi yangu, Mama."

Akanikata jicho. "Ila usiseme kumezwa. Mimi nililetwa hapa nimeolewa. Nimemezwa?"

Nikamwomba radhi, mimi na shahada yangu.

Sasa Babu, wewe husema Bibi aliacha kuwa mtu wa Karagwe siku ulipomuoa. Mbona ukimuudhi kiti chake anakigeuzia Karagwe? Nisalimie huyo mke mwenzangu, na umpelekee kahawa kabla hajageuka.

Mkeo mdogo,
Koku